Mtu anapotea darasani wiki nzima na zaidi, hakuna anayeuliza. Vyuoni kumekuwaje?

#1 Kapteni Nyanza

Wakuu kwema?

Nina mdogo wangu yuko mwaka wa pili, chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa, amepanga geto mtaani. Mwezi uliopita akaanza kutopokea simu. Nikajua bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) limekata, anaona aibu kuomba. Baadaye simu ikawa haipatikani kabisa, mama akaanza kulia, nikapanda basi.

Namkuta kijana kajifungia ndani, kakonda, pazia limeshushwa saa nane mchana, sufuria lina ukungu. Tumepima malaria, tumepima taifodi, hana. Anachosema ni "nimechoka tu kaka". Kumbe ana sapu (mitihani ya kurudia) tatu na hajamwambia mtu.

Kilichoniuma si sapu. Nyumba ile wapangaji wote ni wanachuo, wengine darasa moja naye. Mmoja ananiambia "tulijua kasafiri". Mwingine "mi nilidhani kahama". Mtu mnayechangia naye choo!

Swali: mtu akipotea chuoni, nani anatakiwa kugundua? Kijana sasa yuko nyumbani, anakula, anaongea kidogo kidogo. Ushauri wa maombi sihitaji, walishakuja na kuondoka. Nataka kujua kwenu ilikuwaje, mliopo na mliopita.

#2 Msukule wa Madesa

Naweka kambi hapa.

#3 pasi_ndefu

Pole sana mkuu. Mimi niko mwaka wa tatu, nitakwambia ukweli hata kama unauma: huku hatujuani. Grupu la WhatsApp la darasa tuko zaidi ya mia nne. Ninaowajua kwa jina na sura sidhani kama wanafika ishirini. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa na mtu anasainiwa na mshkaji wake. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kwenye karatasi mdogo wako hajakosa kipindi hata kimoja. Samahani, nimecheka, lakini ndivyo.

Halafu usisahau hesabu ya tumbo. Bumu ni elfu kumi kwa siku, linakuja la siku 60 kwa mkupuo, laki sita. Mwenye geto anataka kodi ya miezi sita mkononi. Ukishamlipa, ukanunua godoro, ukatoa nakala za madesa (notisi), unabaki na pasi ndefu: unakula saa tisa alasiri mara moja, imetoka hiyo. Mtu wa pasi ndefu hana nguvu ya kuzunguka kugonga milango ya watu. Na hataki kugongewa, maana mgeni akija utampa nini?

#4 Chief Mkeka

Alikuwa anabeti? Anza na hilo kabla hujalaumu majirani.

#5 Mzee wa Operesheni

Vijana mnashangaa nini. Mimi niliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1988. Kabla ya hapo tulipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, tumelala hanga (bweni) moja, tumelima pamoja, tumekimbizwa mchakamchaka na afande mmoja. Mkifika chuo mnaitana kwa jina la operesheni, yaani kundi lenu la JKT, hata kama mmoja yuko sheria na mwingine uhandisi.

Halafu chakula. Serikali ndiyo iliyokuwa inalisha. Asubuhi, mchana na jioni mnakutana kafeteria, meza ile ile, watu wale wale. Usipoonekana mchana na jioni, lazima mtu aulize. Si kwamba alikupenda sana, alikuwa anataka kujua kama anaweza kula nyama yako. Lakini aliuliza!

Mei 1990 chuo kilipofungwa tukarudishwa makwetu. Tulikuwa tunajua kila mtu ni wa wilaya gani na barua zake zinapitia sanduku la shule gani au misheni gani. Tukaandikiana mpaka kinafunguliwa Januari 1991. Leo mtu ana simu mbili na hajui kwao na jirani yake ni wapi.

Likaja suala la kuchangia gharama 1992, kafeteria wakakabidhiwa wafanyabiashara, JKT nayo ikafutwa mwaka huo huo. Kila mtu na sufuria lake. Hapo ndipo tulipopotezana.

#6 CR Mstaafu

Shikamoo mzee #5. Sahihisho dogo: kuchangia gharama ni 1992 kweli, ila JKT kwa mujibu wa sheria ilisitishwa 1994. Ikarudi 2013, ya miezi michache baada ya kidato cha sita, na si wote wanaopita. Kwa hiyo hata hiyo hoja ya hanga ina mashimo, maana wapo vijana wa sasa waliopita JKT na bado wanapotezana.

Kwa mleta uzi: mimi nilikuwa CR (mwakilishi wa darasa) miaka yote mitatu. Nikupe siri ya kazi. Mahudhurio ya darasani ni uongo, #3 kasema. Karatasi ambayo haikuwa na uongo ni ya kusaini bumu. Siku ya kusaini, mtu anatoka kitandani na homa yake, anatoka Mbeya na basi la usiku, anatoka hata msibani. Sasa ukiona siku ya pili ya kusaini inaisha na jina halina saini, ujue huyo ana tatizo kubwa. Mimi nilikuwa naichukua ile orodha na kuanza kupiga simu. Nilimpata mmoja kalazwa hospitali ya wilaya kwao, mwingine kaacha chuo kimya kimya kwenda machimboni, na dada mmoja alikuwa chumbani tu, mlango umefungwa kwa ndani. Huyo tulikaa naye mpaka asubuhi, zamu kwa zamu, na leo ni mwalimu.

Siku hizi usaini umehamia kwenye mfumo wa kidijitali, alama za vidole na simu. Ni haraka, sikatai. Lakini ile foleni ndiyo iliyokuwa inatuonyesha nani hayupo.

#7 pasi_ndefu

CR, na wasio na mkopo? Hao hawasaini popote. Wanalipiwa na mjomba, na mjomba akiumwa hakuna anayejua kwamba na wao wanaumwa.

#8 CR Mstaafu

Hapo umenipata. Hao walikuwa wananiponyoka.

#9 Kinyozi wa Mbagala

Nyie wasomi mnajidekeza. Mtu ana laki sita, chumba cha peke yake, umeme, intaneti, halafu "nimechoka". Mimi nafungua saluni saa moja asubuhi nafunga saa nne usiku, nichoke lini? Mleteni huku Mbagala ashike mashine mwezi mmoja, atapona.

#10 binti Tunguu

@Kinyozi, wateja wako wakikaa kwenye kiti si ndiyo wanakumwagia yote ya moyoni? Huyu kijana hakuwa hata na kinyozi, nywele zenyewe zilikuwa hazijakatwa naamini. Usiwe hivyo kaka yangu.

Mimi natokea Unguja, nasoma Bara. Nataka kumuunga mkono Mzee wa meza. Mwaka mzima mimi na jirani zangu tunapishana koridoni, "mambo", "poa", mwisho. Ukiingia mwezi wa Ramadhani tu, hosteli inabadilika. Mmoja analeta tende, mwingine uji, mwingine kachanga elfu mbili ya mihogo, tunakaa chini kwenye mkeka. Mtu asipokuja kufuturu siku moja tunasema labda yuko mwezini. Siku ya tatu mtu anakwenda kugonga. Mwaka jana tulimgundua hivyo hivyo mwenzetu aliyekuwa na presha na hajui. Wakristo wa koridoni nao wanakuja kula, hakuna anayefukuzwa. Ikiisha Idi, kila mtu na jiko lake la umeme, marufuku yenyewe, tunapika kwa kujificha. Utamkaribishaje mtu kwenye chakula unachokificha?

#11 Msukule wa Madesa

Jiko la umeme la siri 😂 Sisi tulikuwa na pasi, unaigeuza unakaangia yai.

#12 Mzee wa Operesheni

CR asante, 1994, nakubali. Hoja ya kafeteria iko pale pale.

#13 Dokta Uchwara

Jina langu la humu ni utani, ila kazi yangu ni tabibu, na wanachuo ninawaona kila wiki. Naomba tupunguze kidogo kafeteria na hanga. Mleta uzi ameeleza mtu aliyejitenga, aliyekonda, aliyeshusha pazia mchana, aliyeacha hata kuosha chombo. Hali ikiendelea hivyo kwa wiki mbili au zaidi, hiyo ni dalili ya sonona mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Sonona ni ugonjwa. Inampata aliyekula kafeteria ya bure na asiyekula. Mzee, na enzi zenu walikuwepo, sema mlikuwa mnasema "fulani karogwa, karudishwa kwao".

Mambo ya kufanya, Kapteni:

Kwanza usiishie kwenye malaria na taifodi. Mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, za mikoa nyingi wanacho, na uombe barua. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe tu, na pale Dodoma imegeuzwa matusi ya watoto. Wengi hawafiki huko, wanatibiwa wakitokea nyumbani.

Pili, muulize wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wazi kabisa, kwa sauti ya kawaida. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo. Si kweli. Wengi wanapumua, maana hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu ni ya kiofisi, na ndiyo inayowamaliza wengi. Mwanafunzi akiumwa ana haki ya kuomba kuahirisha masomo au kufanya mtihani maalumu, lakini lazima aombe kwa maandishi na cheti cha daktari. Akinyamaza, chuo kinaandika katoroka mtihani. Hapo anadisko (anaondolewa chuoni) kwa ukimya, na akili yake ilikuwa nzuri tu.

#14 Komredi wa Juja

Hamjambo majirani. Niko Kenya, nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu #1.

Kwetu ni vilevile. Mesi za bure ziliondolewa zamani, ukaingia mfumo wa lipa kadiri unavyokula, na wengi wanaishi nje kwenye bedsitta, chumba kimoja cha kupanga. Jengo la ghorofa sita, keateka (mwangalizi wa jengo) anajua kodi yako tu. Akikugongea mlango ni tarehe tano.

Lakini Dokta, kuna kitu hujakisema. Watu huogopa kuripoti rafiki kwa sababu ya polisi. Hapa Kenya kujaribu kujitoa uhai kulikuwa ni kosa la jinai, kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwenu?

#15 Dokta Uchwara

Kwetu bado, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kipo. Kwa hiyo washkaji wanamficha mwenzao ndani wakidhani wanamsaidia. Nimeshaletewa mgonjwa saa kumi alfajiri na kundi la vijana waliokuwa wanabishana getini, waingie au warudi, kwa hofu ya kuulizwa PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Mgonjwa aletwe. Hayo mengine yatazungumzwa akiwa hai.

#16 Kinyozi wa Mbagala

Mh. Sawa dokta, hapo nimekusikia.

Ila #10, ni kweli wanamwaga yote. Juzi kuna mmoja kanyolewa akakaa saa nzima baadaye, hana anachosubiri.

#17 mama_wawili

Wanangu, mmemsema sana mwenye geto, ngoja na sisi tuseme. Mimi nina nyumba karibu na chuo, nimepangisha wanafunzi tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Mwanafunzi akija namuuliza kwenu wapi, mzazi nani, namba ya simu ya mzazi, na namba ya mtu wa pili nisiyemjua. Naandika daftarini. Wananiona mbeya. Mmoja alihama akasema nyumba yangu ni kama bweni la sekondari, akaenda kwenye nyumba yenye geti la rimoti ambako mwenye nyumba yuko Dar.

Nina tabia moja. Asubuhi nikifagia uwanja naangalia ndala mlangoni. Ndala zikikaa vilevile kuanzia jana, nagonga, nasema "mwanangu umeamkaje, una chumvi?" Chumvi ninayo. Wengi wanafungua wakiwa wamenuna, sawa, nishamwona, naondoka. Wawili watatu nimewakuta hawajiwezi, nikawapeleka zahanati.

Sasa Kapteni, hebu niambie, mwenye nyumba ya mdogo wako yuko wapi? Mbona hujamtaja?

#18 Kapteni Nyanza

Mama shikamoo. Mwenye nyumba haishi pale. Kuna dalali anayepita kukusanya kodi.

#19 mama_wawili

Marahaba. Nilijua.

#20 Fundi Vimbweta

Mada nzuri. Ila naona mnaongea kama geto ni laana na hosteli ni pepo. Mimi nimekaa hosteli ya ndani, chumba cha wanne, na niliumwa ndani ya chumba hicho wenzangu wakidhani nalala tu. Kila mmoja ana spika za masikioni. Ukitaka kumwambia mtu kitu unamtumia meseji, na yuko kitanda cha juu yako.

Nitawaambia kilichokuwa kinatuunganisha: kubebana. Chumba cha wanne mnalala sita, saba. Aliyekosa nafasi anabebwa na mwenye kitanda, mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Sheria inakataza, mlinzi anapita na tochi. Lakini mtu uliyelala naye kitanda kimoja mwaka mzima huwezi kusema ulidhani kasafiri. Zilipojengwa hosteli za Magufuli pale Mlimani, 2017, za wanafunzi elfu tano, kubebana kukapungua na ule undugu ukapungua.

#21 CR Mstaafu

Fundi, ni 3,840. Majengo 20, kila moja watu 192. Na zilifunguliwa Aprili 2017 kwa sababu watu walikuwa wanateseka, tusizigeuze mkosi. Kubebana unakokusifu wewe, mimi nakukumbuka kwa kunguni na kwa dada zetu waliokuwa wanabebwa na watu wenye masharti yao.

#22 Fundi Vimbweta

3,840, sawa. Kunguni nao walikuwa wanajua nani hayupo 😅

#23 Bi Mkubwa wa Koridoni

Mbona hamsemi kwamba hili ni tatizo la wanaume? Koridoni kwetu mtu akiachwa na bwana, saa moja baadaye chumba kimejaa. Mmoja anasuka, mmoja analia naye, mmoja anamtukana huyo bwana. Nyie mkiachwa mnaandika "tafuta pesa" kwenye statasi mnafunga mlango.

#24 Chief Mkeka

Tafuta pesa dada.

#25 Msukule wa Madesa

#24 kaachwa wiki hii, msimkanyage.

#26 binti Tunguu

Bi Mkubwa, si kweli kwa wote. Dada aliyekutwa na CR kwenye #6 alikuwa na koridoni pia. Na wapo wanaochekwa humo humo koridoni, chumba kikijaa siyo kila aliyekuja amekuja kulia. Kesho yake habari ziko grupu zima. Wengine wanafunga mlango kwa kuogopa huruma hiyo.

#27 Mhadhiri wa Muda

Nafundisha, sitasema wapi. Naona walimu bado hatujasulubiwa, nije mwenyewe.

Somo la mwaka wa kwanza la idara yangu lina wanafunzi zaidi ya mia tano ukumbini, wengine wamesimama dirishani. Simwoni aliyekosekana, naona waliojaa. Mahali pekee ninapomjua mwanafunzi ni kwenye semina, vikundi vya watu ishirini hivi. Semina zikifanyika, mwanafunzi akikosa mara mbili namwuliza jirani yake. Zikiunganishwa vikundi vitatu kwa sababu hakuna mwalimu wa kutosha, basi. Kwa hiyo kwangu jibu la #1 ni hilo: agundue mwalimu wa semina, na apewe wanafunzi anaoweza kuwahesabu.

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ipo, lakini imekaa ikisubiri mtu aje. Anayehitaji kwenda ndiye asiye na nguvu ya kwenda.

#28 Mbeba Maboksi

Mhadhiri, nakupinga kidogo. Nimesoma shahada ya pili Uingereza. Kule sisi wa viza tunafuatiliwa hasa, chuo ndicho mdhamini wa viza yako na kisipokuona kinatakiwa kuripoti. Kila mwanafunzi ana mwalimu wake mlezi, barua pepe zinakuja, "tumeona hukuhudhuria, je uko salama?" Zimeandikwa vizuri. Nilikaa majira ya baridi yote kwenye korido ya vyumba kumi, jiko la pamoja, na sikujua jina la mtu hata mmoja. Mfumo ulijua nilipo. Aliyekuja kunigongea ni Mkongo wa jengo la pili, alisikia napiga simu nyumbani kwa Kiswahili. Alikuja na sombe (kisamvu). Nililia kama mtoto.

#29 Mzee wa Operesheni

Umeona? Chakula.

#30 Dokta Uchwara

Mzee hukati tamaa.

#31 Mlei

Kapteni alisema hataki maombi, lakini tusiwe wachoyo wa ukweli. Mimi nilikuwa TMCS (wanafunzi Wakatoliki), wengine walikuwa USCF (ushirika wa wanafunzi Wakristo), Waislamu wa Mlimani wana jumuiya yao, MSAUD. Kwa uzoefu wangu aliye kwenye jumuiya anatafutwa haraka kuliko aliye kwenye grupu la darasa. Kwaya ikikosa sauti ya tatu Jumamosi, Jumapili watu wako mlangoni kwake. Hakuna chombo cha chuo kinachofanya hivyo.

#32 Bi Mkubwa wa Koridoni

Na wakishafika mlangoni? Mwenzangu alitafutwa na kikundi chake cha sala, kweli, haraka sana. Wakamfungisha asile, wakamwambia ni roho ya mauti ya ukoo, wakamwambia aache dawa. Aliyemrudisha hospitali ni mama yake. Kutafutwa peke yake hakutoshi.

#33 Mlei

Hao walikosea, sitawatetea. Sisi padri mlezi alikuwa anatuambia dawa na sala havigombani.

#34 Kapteni Nyanza

Nimerudi. Nimesoma yote, asanteni.

Kwanza Chief Mkeka, uliuliza kwenye #4 nikakukasirikia. Nimekaa na dogo jana usiku. Alikuwa anacheza ule mchezo wa ndege kwenye simu, bumu la mwisho liliishia huko. Kufidia akakopa kwenye programu za mikopo ya haraka, moja, akalipa kwa nyingine. Akashindwa. Wale jamaa wakachukua namba zote kwenye simu yake wakawatumia watu meseji: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Picha yake imo.

Walitumiwa wenzake wa darasa na wale wa ile nyumba. Kwa hiyo waliponiambia "tulijua kasafiri"... walikuwa na ile meseji kwenye simu zao. Sijui niseme nini.

#35 pasi_ndefu

Mkuu. Nisikie, sijitetei. Na mimi nimeshapokea meseji kama hiyo ya mtu wa darasa letu. Ilivyo ni kwamba ukikutana naye hujui umwangalie vipi. Ukimsalimia unaona kama unamdhihaki, usipomsalimia naye anajua kwa nini. Unaamua kupita njia nyingine. Tulipita njia nyingine darasa zima.

#36 Chief Mkeka

Sikuuliza kwa ubaya. Niliuliza kwa sababu najua. Nilishafutiwa namba na watu walionisomesha.

Hizo programu nyingi hazina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Aangalie kama zake zimo. Kusambaza taarifa za mtu namna ile ni kosa hata kama anadaiwa. Atunze zile meseji, asifute kwa aibu, apeleke kwa maandishi. Na laini abadilishe.

#37 Dokta Uchwara

Hili halifuti niliyosema #13. Deni linaweza kumwangusha mtu akaugua, na ugonjwa unaweza kumwingiza mtu kwenye kubeti na madeni. Kipi kilianza sijui, na kwa sasa si muhimu. Ulimuuliza lile swali?

#38 Kapteni Nyanza

Nilimuuliza. Alikaa kimya kisha akasema ndiyo, kuna siku. Mama analala chumba kimoja naye sasa. Asubuhi tulikwenda hospitali ya mkoa, tumeonana na daktari wa afya ya akili, kapewa dawa na tarehe ya kurudi.

Barua ya kuahirisha naipeleka wapi? Kijana hawezi kusafiri.

#39 CR Mstaafu

Taratibu hutofautiana, ila vyuo vingi barua inaanzia idarani kwake, inakwenda kwa mkuu wa kitivo, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi. Ambatanisha cheti cha daktari, halisi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni muhimu kuliko barua. Ndugu anaweza kuipeleka, akiwa na barua fupi ya kijana ya kumruhusu. Akipata kibali cha kuahirisha, hakikisheni na Bodi ya Mikopo inajulishwa kupitia ofisi ya mikopo ya chuo, vinginevyo akirudi mkopo unasumbua.

Sapu tatu hazijamdiskolisha mtu peke yake, mwambie hilo leo leo. Vijana wengi hawajui, wanajihukumu kabla ya senati.

#40 Mhadhiri wa Muda

Inategemea na GPA yake, CR. Asiahidiwe kitu. Lakini kibali cha kuahirisha kikitoka kabla ya dirisha la sapu, hizo sapu anaweza kuzikuta mwaka ujao.

#41 CR Mstaafu

Sawa mwalimu, GPA nayo iangaliwe.

#42 Kinyozi wa Mbagala

Kapteni, kama mko Dar mlete anyolewe. Bure. Sitamuuliza kitu.

#43 Kapteni Nyanza

Tuko Geita kaka, ila nimeshukuru.

#44 Mzee wa Operesheni

Kijana wa #3, wewe na pasi yako ndefu unakula na nani?

#45 pasi_ndefu

Na simu, mzee.

#46 Msukule wa Madesa

Kwani wewe uko chuo gani? Nitumie faragha. Wali maharage elfu moja mia tano tunagawana, nyama hakuna, mzee asitarajie.

#47 mama_wawili

Kapteni mwanangu, akipona na akirudi chuo, kama ni huku kwetu nina chumba kitakuwa wazi Januari. Masharti unayajua, asubuhi nagonga.

#48 pasi_ndefu

Mama shikamoo. Kodi shilingi ngapi na unapokea ya mwezi mmoja mmoja? Namuulizia rafiki yangu.

#49 mama_wawili

Marahaba. Rafiki yako aje mwenyewe, na namba ya mzazi.